Kijani cha Kumpendeza Afisa

Jumatatu, 2 Juni

Tumeanza kupandikiza vitunguu leo. Miche imetoka kitaluni na afya yake, ila wasichana wa nyumba yetu ya hifadhi wamekuja shambani na sura za watu wanaopelekwa jela. Kila msimu ni hivyo hivyo. Mimi nimeshazoea, magoti yangu ndiyo bado.

Walikuwa sita mwezi uliopita, sasa ni watatu. Mmoja kamrudia yule yule aliyemng'oa meno, na wawili wameondoka bila hata kuaga. Nimeacha kulia kwa ajili ya wanaoondoka. Ningelia kwa kila mmoja ningekuwa nimeshakauka.

Waliobaki ni hawa. Kasuku, ambaye hanyamazi hata akiwa na chakula mdomoni, na ambaye tangu utotoni amefanya kazi kwenye nyumba za watu kwa malipo ya makombo. Malkia, anayepaka kucha rangi kabla ya kushika jembe. Nyumba ya baba yake wa kambo haikuwa mahali pa msichana kulala, na niishie hapo. Wa tatu ni Mwiba. Ukimgusa anachoma, ndiyo maana ya jina. Ana mtoto wa kike wa miaka miwili na kidogo, na mtoto yuko kwa bibi yake, mama wa yule mwanaume aliyekuwa akimpiga. Alipokimbia alikimbia peke yake, na hilo ndilo linalomla usiku na mchana.

Utaratibu wetu ni mmoja. Kila msichana ana matuta yake, na atakachovuna ni chake. Akivuna vizuri anahamia vyumba vya uani, anajipikia, anajitegemea, na kama ana mtoto anakaa naye. Asiyevuna anabaki bwenini, na bwenini watoto hawakai. Afisa ustawi kamwambia Mwiba waziwazi: vuna, upate chumba, ndipo tuzungumze habari za mwanao. Kwa hiyo wenzake wanapanda vitunguu. Mwiba anapanda mtoto.

Alhamisi, 5 Juni

Mgongo.

Jumamosi, 14 Juni

Magugu yameanza mapema. Malkia kaja na glavu alizojishonea mwenyewe kwa kitambaa cha pazia kuukuu, zenye maua. Kasuku kamwuliza kama anakwenda kulima au kuolewa. Malkia kamjibu kwamba mikono ni yake na vitunguu ni vyake, yeye ashughulike na mdomo wake. Kwa mwendo wake wa leo, atamaliza palizi Krismasi. Mwiba alimaliza matuta yake kabla jua halijapanda, akaanza kuyarudia upya, nikamfukuza kivulini kwa ukali.

Simpendi msichana asiyepumzika. Nimeona wengi wa namna hiyo, wanakatika ghafla kama kamba ya ndoo.

Jumapili, 29 Juni

Bibi wa mtoto kaja leo, kwa miguu, mtoto mgongoni. Alikaa kwenye benchi la getini, hakutaka kuingia ndani. Mwiba alikuwa ameoga mara mbili na kuazima kitenge cha Malkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Tumemleta umwone."

Mwiba akanyoosha mikono. Mtoto akajificha kifuani kwa bibi yake.

"Usimlazimishe, atalia," bibi akasema. "Hajakuzoea."

Basi Mwiba akakaa pembeni kama mgeni wa mwanawe, akimtazama anavyokula ndizi. Walipokuwa wanaondoka nikamwambia yule mama kwamba mtoto angefaa aachwe kidogo mikononi mwa aliyemzaa. Akanitazama toka kichwani hadi kwenye ndara. "Wewe umezaa?" Nikamwambia sikujaliwa. "Aah," akasema, akamweka mtoto mgongoni, akaenda zake.

Kizee kile kina roho ya jiwe. Nimekiandika hivyo na sikifuti.

Jumanne, 8 Julai

Afisa ustawi amekuja kukagua. Ni binti wa watu, mpole, amechoka kama mimi ila yeye bado ana magoti. Ana wasichana wengi wa kuwafuatilia na gari lao ofisini halina matairi, kwa hiyo alikuja amepakiwa kwenye pikipiki, vumbi hadi kwenye kope.

Tulizunguka naye. Matuta ya Malkia yalikuwa yameanza umanjano, maana alichelewa kuweka mbolea.

"Haya yamekufa?" afisa akauliza.

"Hayajafa, yana njaa," nikamwambia.

Tukafika kwa Mwiba. Matuta yamesimama, kijani cha kung'aa, huoni hata jani la gugu. Afisa akafurahi kweli kweli. "Sasa hili ndilo shamba! Mtu hana haja ya kuuliza. Kijani ni uhai, njano ni kifo." Akamgusa Mwiba begani. "Nikija mwezi wa tisa nikute hivi hivi, unasikia mdogo wangu?"

"Nasikia, dada."

Sijamwona Mwiba akicheka tangu alipofika hapa. Leo kacheka, ana mwanya.

Jumatatu, 21 Julai

Baridi. Dada yangu kapiga simu. "Unamlea nani huko, na wewe ndiye wa kulelewa?" Nikamwambia mtandao unasumbua.

Jumapili, 3 Agosti

Bibi hakuja. Mwiba alikaa kwenye benchi tangu mchana, amevaa kile kitenge cha kuazima, na hakuna aliyethubutu kumwita kula. Jioni alikikunja vizuri akamrudishia mwenyewe. Malkia akamwambia akae nacho, yeye kimembana. Si kweli, kinamtosha.

Jumanne, 19 Agosti

Vitunguu vimeanza kujaa, udongo unapasuka pembeni yake. Nikawaita wote watatu kwenye tuta la Kasuku nikawaeleza, polepole, kama ninavyoeleza kila msimu. Sasa majani yataanza kulala yenyewe. Yakianza kulala, maji basi, mbolea basi. Shingo, pale majani yanapotokea, inyauke, ngozi ikauke, ndipo kitunguu kitakaa ghalani bila kuoza na mnunuzi atakichukua. Ukikinywesha maji muda huu unakivimbisha bure.

"Yaani tuyatazame yakifa?" Malkia akauliza. "Hiyo kazi naiweza."

Tukacheka sote isipokuwa Mwiba.

"Afisa anakuja lini, Mama Shamba?"

"Mwanzoni mwa mwezi wa tisa."

"Atakuta yamelala?"

"Atakuta yamelala, yamenyauka, mabaya kuyatazama. Na hapo ndipo mazuri."

Akaitikia kwa kichwa. Nadhani ameelewa.

Jumamosi, 30 Agosti

Homa. Siandiki.

Jumanne, 2 Septemba

Bado niko kitandani. Malkia kaniletea uji, kanifulia nguo bila kuombwa, kisha kanikalisha dirishani akanichana nywele huku akinisema kwamba nimejiachia. Nimemwuliza habari za shamba. "Yangu yamelala yote, mimi na vitunguu vyangu tuna tabia moja." Nilicheka mpaka kifua kikauma.

Nimemwuliza na ya Mwiba. Akasema uji unapoa.

Ijumaa, 5 Septemba

Ningebaki kitandani ningejua mambo baadaye kidogo, na labda ingekuwa nafuu.

Afisa alifika asubuhi, nikajikokota kumpokea. Matuta ya Kasuku yamelala. Ya Malkia yamelala fofofo, ya njano, mazuri mno, nami nikaona haya kwa yote niliyowahi kumwazia yule mtoto. Kisha tukafika kwa Mwiba. Yamesimama. Kijani kibichi, kirefu, kinapepea. Niliinama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu nikatia kidole kwenye udongo. Umelowa. Nikashika shingo ya kitunguu, nene kama kidole gumba na laini kama mche wa juzi.

"Mungu wangu, angalia haya!" afisa akasema. Alikuwa anacheka. "Nilisema mimi. Wenzako wamekata tamaa, wewe umeshikilia. Bado mavuno tu, nije na bibi na mtoto tumalize jambo hili."

Mwiba alinitazama. Macho yale sitayasahau. Yalikuwa yananiomba nisiseme, nami sikusema. Ningeanzia wapi mbele ya mgeni aliyefurahi? Nilisema karibu tena, nikamsindikiza hadi getini na homa yangu.

Niliporudi nilimkuta palepale.

"Umeyamwagilia lini?"

"Alfajiri, ulipokuwa unaumwa. Kabla wenzangu hawajaamka."

"Na mbolea?"

"Niliweka ile iliyobaki."

"Yote?"

"Yote, mama."

"Mimi si nilieleza? Sikueleza?"

"Ulieleza. Nilikusikia." Alikuwa hatetemeki wala halii. "Lakini si wewe unayenipa mtoto. Anayenipa mtoto kasema njano ni kifo. Angekuta njano angesema nimeua."

Nikakaa chini kwenye majani. Hasira ilikuwepo, lakini haikupata pa kusimama. Nimewafundisha hawa watoto kukisoma kitunguu, na msimu mzima sikukumbuka kumfundisha yule mwingine anayekuja na pikipiki. Dakika moja tu ingetosha. Ila nilikuwa nimechoka, na kumsahihisha mtu mwenye furaha ni kazi nzito.

Jioni nikamwita Kasuku. "Wewe usiyenyamaza, hili umelinyamazia?"

"Ni mwanawe, Mama Shamba. Ningesemaje?"

Kumbe hata Malkia alijua. Kumbe nilikuwa peke yangu nisiyejua, na uji wangu.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemkataza Mwiba hata tone la maji. Labda jua litasaidia. Jua lenyewe halina haraka na mtu.

Jumatano, 17 Septemba

Tumevuna. Vya Malkia vinalia kama karatasi ukivishika, vyekundu, vigumu. Vya Kasuku vizuri. Vya Mwiba vikubwa kuliko vyote, vya kutia huruma. Mpita njia angempa yeye zawadi. Tumevitandaza bandani vikauke, kila mtu upande wake, nami nimelala mchana wote.

Alhamisi, 25 Septemba

Harufu nimeisikia kabla sijafungua mlango wa banda. Anayelima vitunguu hahitaji kuelezwa harufu hiyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mwiba alikuwa ndani tayari, amepiga magoti, anabonyeza kimoja kimoja shingoni. Kinachobonyea anakitupa huku, kinachokaza anakiweka kule. Kule kulikuwa na vichache sana. Nilipiga magoti upande wa pili, na magoti yakapiga kelele, nikaanza kubonyeza nami. Kasuku akaja, akakaa, hakusema kitu. Hapo ndipo nilipojua jambo ni zito.

Vile vilivyooza upande mmoja tulivikata, tukaokoa upande mzima, Malkia akavichukua kwenye karai akaenda kwa kina mama wanaopika barabarani, maana wao wanapika leo hii na hawana ghala. Alirudi karai tupu, glavu zake za maua zimelowa na zinanuka. "Wamechukua vyote," akasema. "Nimewaambia ni vya kukaangia leo leo, wasije kunitukana kesho." Mnunuzi mkubwa alichukua vya wale wawili, akapita kwa Mwiba bila hata kupunguza mwendo. Malkia akakataa kumuuzia magunia mawili, eti anasubiri bei ipande. Sikumwuliza zaidi.

Mwiba akaniuliza, "Bado naweza kupata chumba?"

Ningemwambia nini? Sheria hiyo niliiweka mwenyewe, na nina sababu zangu. Waliopata chumba kwa huruma hawakudumu, maana huruma haipikiki. Nikamwambia tusubiri afisa. Mimi, mtu mzima, nikajificha nyuma ya afisa.

Jumanne, 30 Septemba

Kesho wanakuja, afisa na bibi na mtoto. Na leo nimeelewa yale magunia mawili.

"Vihamie upande wa Mwiba," Malkia akasema. "Afisa atajuaje? Kitunguu hakina jina mgongoni."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshauza vya kunitosha chumba. Hivi ni vya mtoto."

Kasuku akaanza kubeba kabla sijafungua kinywa. Mwiba alisimama mlangoni akiwatazama. Ningepaswa kukataza. Nilisema, "Mimi sijasikia kitu," nikaenda zangu kulala, na usingizi haukuja.

Nilivyomwandika huyu Malkia mwezi wa sita! Mvivu ni mimi.

Jumatano, 1 Oktoba

Naandika yote kama yalivyokuwa, nisije nikayapamba baadaye.

Walifika saa nne. Bibi safari hii aliingia ndani, maana jua lilikuwa kali, tukawapa viti bandani. Mtoto akateremka mgongoni, akaenda moja kwa moja kwenye lile rundo, akaokota kitunguu akaanza kukimenya maganda, anayapeperusha, anacheka peke yake.

Afisa akatazama rundo. "Haya, hongera. Hivi vyote vyako?"

"Si unaona mwenyewe, dada," Kasuku akamjibia. "Tena hapo vingine vimeshauzwa."

Malkia akampiga Mwiba kiwiko. Mwiba alikuwa anamtazama mwanawe. Neno lenyewe ni moja tu, ndiyo, hata kwa kichwa lingetosha. Nami nilikuwa namwombea aliseme. Naapa nilikuwa naomba.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Si vyangu. Ni vya Malkia, kanipa ili nikudanganye. Vyangu viko kwenye shimo kule nyuma, vimeoza." Na akaeleza. Maji ya alfajiri, mbolea, shingo nene, kwa nini majani hulala. Alieleza vizuri kuliko nilivyowaeleza mimi. Malkia alijifunika uso kwa glavu.

Afisa akavua miwani. "Kwa hiyo siku ile nilipokusifia..."

"Vilikuwa vinaharibika, dada."

"Ni mimi niliyesema kijani."

"Ulisema tu. Mama Shamba alinifundisha, nikasikia, nikaogopa. Maji niliyatia mimi."

Nami nikasema sasa, kwa aibu, kwamba nilijua tangu siku ile na nikanyamaza. Afisa akatikisa kichwa. "Mimi nilisomea watu. Vitunguu sikusoma, na hakuna aliyeniambia." Kisha akasema lile nililokuwa naliogopa, na alilisema kwa upole, jambo lililozidi kuuma: sharti lilikuwa mavuno, mavuno hayapo, labda msimu ujao.

Mwiba akasema, "Ndiyo." Sasa ndiyo akaisema.

"We afisa, hebu ngoja," bibi akasema.

Wote tukageuka. Tangu aingie alikuwa hajasema zaidi ya salamu.

"Binti, msimu ujao utafanyaje?"

"Nitaviacha vilale, mama. Hata aje nani."

Bibi akaweka mkono shavuni. Kisha akasema, bila kumtazama mtu: "Mimi nimezaa mwanaume mmoja. Tangu ana meno ya utoto sijamsikia akisema nimekosa. Sahani ikivunjika, ni paka. Huyu akivunjika mkono, ameteleza bafuni. Nami nikawa naitikia, ameteleza, ameteleza. Mpaka majirani nikawaambia nyumba yangu ina bafu baya." Akafuta mdomo kwa ncha ya khanga. "Huyu leo kaulizwa neno moja la kumpa mwanawe. Kakataa kulisema kwa sababu si kweli. Mtoto huyu mnataka alelewe na nani?"

Afisa akasema, taratibu, kwamba mambo yana utaratibu wake.

"Utaratibu upo. Mwanangu naye yupo, karudi nyumbani tangu mwezi wa sita. Unadhani kwa nini nilikuwa simwachi mtoto huyu atoke mgongoni mwangu? Nimechoka, afisa. Mgongo ni mmoja."

Na mimi niliyekuwa nimemwandika ana roho ya jiwe.

Afisa alinigeukia. Nilijua swali kabla hajauliza, na nilijua pia kwamba hapa hakuna tena wa kujificha nyuma yake. "Chumba kipo?"

Nilifikiri juu ya sheria yangu. Nilifikiri juu ya waliopewa bila kuvuna, mmoja mmoja, na nyuso zao. Kisha nikawaza kwamba kwa miaka yote hii nimekuwa nikipima magunia, na hakuna gunia lililowahi kunionyesha nilichokiona asubuhi hii.

"Kipo," nikasema. "Kina vumbi."

Kasuku alikuwa ameshashika ufagio.

Afisa akasema atakuja kila mwezi, bila kutoa taarifa, na safari ijayo nimfundishe vitunguu kuanzia mbegu. Nikamwambia alete viatu vya kazi. Bibi aliondoka mtoto akiwa amelala, ili wasiagane. Pale getini alisimama akashika nguzo. Nilitaka kumwomba radhi, nikashindwa kujua nianzie wapi. Nikamwuliza kama atakunywa maji, akanywa.

Alhamisi, 2 Oktoba

Kuandaa kitalu kipya. Mwiba kachelewa, mara ya kwanza tangu afike hapa. Nilikuwa nimeshatafuta maneno ya kumgombeza, kisha nikamwona anakuja, mtoto mgongoni, macho mekundu wote wawili. Mtoto alilia mpaka alfajiri akimtaka bibi yake, hadi bwenini alisikika.

"Leo pumzika," nikamwambia.

"Hapana mama. Akiniona nalima huenda akanyamaza."

Kweli alikuwa amenyamaza, shavu limebanwa mgongoni, anatazama jembe linavyopanda na kushuka. Tulilima pamoja hadi mwisho wa tuta. Ndipo akaniambia, bila kuinua kichwa:

"Ananiita dada. Ndivyo bibi alivyomfundisha, ili nikiondoka tena asiumie sana. Asubuhi kaamka kaniita, dada, maji."

"Ukamwambiaje?"

"Nimeitika," akasema, "nikampa maji."